Wali Umepaliwa, Maji Yamejaa

Tangu nistaafu sina wakati wa kuogelea. Mnicheke, haki yenu. Miaka ishirini na mbili nimesimama majini nikiwaambia watu wazima, wenye watoto, wenye maduka, wenye wakwe wagonjwa, kwamba hakuna anayekosa robo saa kwa siku. Leo nina siku nzima mkononi, nyumba yangu ya Bububu iko hatua mia tatu kutoka ufukweni, na mguu wangu haujagusa maji tangu Mfungo Mosi, mwezi ule wa Idi. Asubuhi nasema jioni, jioni nasema kuna upepo. Nimeona basi niwaandikie nyinyi walimu mliobaki na filimbi, kabla sijasahau hata kuelea. Habari za vyeo na mshahara naziruka. Hazikunishughulisha sana wakati ule, na sioni sababu zianze sasa.

Kazini niliingia kwa makosa. Nilikuwa mshonaji, nina chumba changu cha cherehani Mkunazini, nikishona magauni ya harusi na sare za skuli. Siku moja wakaja watu wa mradi wa kuwafundisha wanawake kuogelea, wakaniagiza mavazi ya stara ya kuingilia majini: suruali ndefu, kanzu fupi ya juu, na kilemba cha kufunika nywele. Vazi la namna hiyo sikuwahi kuliona. Nikapima, nikakata, nikashona kwa kitambaa kizuri kizito, na kwa kuwa napenda kazi safi, nikatia mpira kiunoni na mpira kwenye vifundo vya miguu, ukakaza kama mdomo wa gunia la karafuu. Nikapeleka mavazi ufukweni Bububu. Hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza. "Livae wewe uliyelishona," wakasema. Na mimi, kwa kiburi cha fundi, nikalivaa nikaingia.

Suruali ilijaa hewa. Mpira wa chini ukaizuia kutoka, mpira wa juu nao vilevile. Miguu ikapanda juu, kichwa kikashuka chini, na wanawake kumi na tano wa heshima zao wakaziona nyayo zangu mbili zikiiaga Unguja nzima. Nilikunywa maji ya kunitosha mwaka. Kisha kitu kigumu kikanigusa begani, nikakishika, nikavutwa mpaka miguu ikapata mchanga. Kilikuwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo penye maji machache, na mwenye upondo alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, kofia kichwani, hata hakuloa. Huyo ndiye Mzee Vuai, mzamiaji mstaafu wa bandarini, aliyeletwa na mradi kulinda usalama wetu.

"Shikamoo, mzee," nikasema huku nakohoa.

"Marahaba. Umeshona vizuri. Sasa katoboe." Akaniangalia kidogo. "Na kesho uje."

"Nije kufanya nini?"

"Kujifunza. Mtu akishakunywa maji kiasi hicho, keshamaliza kuyaogopa."

Nilikwenda, mpira wa vifundo nimeshautoa. Mzee Vuai alikuwa mtu wa adabu, hakumgusa mwanafunzi mwanamke hata kwa ncha ya kidole. Alifundisha kwa upondo. Aliuweka mbele yako usiushike, uufuate tu. Akiuinua, unainua kichwa, akiupeleka kulia, unageuka kulia. Miezi minane nikafuata ule mti kama ng'ombe anayefuata majani, na siku moja nikatazama nyuma nikaona nimevuka kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine, na upondo umelala ndani ya mtumbwi zamani. Nilipiga kelele za furaha mpaka watu wakatoka majumbani. Chumba cha cherehani nikamwachia mdogo wangu mwaka uleule, nikashika filimbi.

Alinipa amri moja, na mimi nawapa nyinyi. "Upondo uwe tayari siku zote," aliniambia, "lakini usimfikishie mtu kabla hajauhitaji. Ukimfikishia mapema, atajifunza upondo, hatajifunza bahari." Kuijua amri hiyo ni rahisi. Kuitimiza, mkono wako unawasha.

Watu wazima ni wanafunzi wa ajabu, na hapa ndipo mtakapochoka. Mtoto ukimwambia ruka, anaruka. Mtu mzima anauliza kina ni kiasi gani, kuna samaki gani humo, nani anaangalia, na mwisho anakumbuka ana mgeni nyumbani. Wiki ya kwanza wanakuja ishirini, wiki ya nne wanakuja wanne, na mmoja kati ya hao amekuja kuomba radhi kwa niaba ya wenzake. Mimi nilikuwa nakasirika, nawaita wavivu kimoyomoyo. Aliyenitoa ujinga ni mwanamke mmoja wa Bwejuu.

Bwejuu nilipelekwa mwaka wangu wa kumi na tisa kazini. Wakulima wa mwani wa kule walikuwa wamepatwa. Mwani wao uliopandwa kwenye maji madogo ulikuwa unapata joto, unageuka mweupe, unakatika kwenye kamba na kuoza. Mradi ukaleta habari kwamba mwani unakubali kwenye maji ya kina, kwa kwenda na mashua, na mashua ikapatikana. Lakini shuruti ikawekwa, na ilikuwa ya haki: hapandi mashuani asiyejua kuogelea. Baada ya miezi mitatu kutakuwa na mtihani. Utatoka mashuani mpaka kwenye boya jekundu, hatua hamsini, bila kushika kitu wala kushikwa. Ukifika, una nafasi kwenye shamba la kina. Usipofika, unabaki na kamba zako tupu ufukweni. Wanawake wale walikuwa wanashinda baharini tangu ujana wao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda penye maji ya kumpita kiuno.

Nilikuwa nakwenda kwa vespa yangu, upondo alioniachia Mzee Vuai nimeufunga ubavuni, umetokeza mbele na nyuma. Siku ya kwanza askari wa barabarani akanisimamisha. Akauzunguka ule mti mara mbili.

"Bi, chombo chako hiki kina leseni ya barabara au ya bahari?"

"Inategemea, mwanangu, maji yamefika wapi."

Alicheka mpaka akasahau kuniuliza kofia ya pikipiki. Tangu hapo akiniona anapiga saluti: "Nahodha! Safari njema!"

Kwa maringo hayohayo ya unahodha nikatundika ubao wa ratiba: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi. Wiki ya kwanza maji yalikuwa yamejaa tele saa hiyo, nikajisifu. Wiki ya pili nikafika saa tatu, nimevaa, filimbi mdomoni, nikaikuta bahari imeondoka. Si kwamba imepungua, imeondoka! Mchanga mtupu, na wanafunzi wangu nikawaona kwa mbali kule, wadogo kama kunguru, wameinama kwenye mashamba yao. Nikawafuata kwa miguu nikipuliza filimbi. Waliponiona nakuja na upondo begani katikati ya nchi kavu, wakakaa chini kwa vicheko.

"Mwalimu," mmoja akaniuliza, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga, "mwezi leo ngapi?"

Sikujua. Mtoto wa Bububu, mwalimu wa bahari, sikujua mwezi umefika siku ya ngapi. Ilikuwa bamvua, maji yanapokupwa kabisa asubuhi na kujaa pomoni alasiri, na kila mtu mwenye mwani yuko kazini. Nikaung'oa ubao, ratiba ikaandikwa upya kwa kufuata mwezi, na walioiandika ni wao.

Yule aliyeniuliza ndiye Bi Mosi. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika msikiti wa pili. Alfajiri alikuwa anakaanga maandazi ya kuuza. Maji yakipwa yuko kwenye mwani. Mchana anapika, alasiri anamhudumia mama mkwe asiyeweza kutembea, jioni yuko kuni na maji. Wenzake walipochagua saa zao za kujifunza, yeye alinivuta pembeni.

"Mwalimu, miye nna robo saa tu kwa siku. Na hiyo yenyewe naiiba."

"Unaiiba wapi?"

"Kwenye wali. Nshaupalia makaa juu ya kifuniko, haunihitaji mpaka ukauke. Nyumba yangu ile pale. Nikikimbia, nnawahi."

Nilitaka kumwambia robo saa haitoshi. Nikamtazama usoni, nikaona akikosa shamba la kina hana lingine, na yeye anajua zaidi yangu. Nikasema tuanze.

Basi tukafanya kazi kwa saa ya wali. Siku ambazo maji yanajaa mchana, Bi Mosi alikuwa anapalia makaa, anafunga kibwebwe, anashuka mbio ufukweni akipiga kelele "Umepaliwa!" na mimi nimeshasimama majini na upondo. Hakuna salamu, hakuna habari za nyumbani. Kulala chali, pumzi kumi. Kulala kifudifudi, pumzi kumi. Miguu. Kisha pua yake ikiinuka kunusa upepo, "Ukoko huo!" na anatoka mbio, maji yanamchuruzika. Sijapata kufundisha kwa furaha namna ile. Wanafunzi wa saa nzima walikuwa wanapoteza nusu yake kwa kujifunga kanga. Yeye hakupoteza hata mpigo mmoja.

Lakini maji hayajai mchana kila siku. Katika nusu mwezi tulipata siku nne au tano za kulingana na wali wake. Kwa siku zilizobaki nikampa kazi ya nyumbani: beseni la maji, uso ndani, toa pumzi kwa mapovu, geuza uso pembeni, vuta, rudi tena. Mara ishirini. Na kila jambo nyumbani kwake lina mtu wa kuliuliza, akachagua wakati pekee ambao hasemeshwi na yeyote, wakati wa kutia udhu wa adhuhuri.

Mumewe hakuwa na habari. Bwana Haji ni seremala, mtu mpole, mwenye kuipenda nyumba yake na kuiogopa bahari. Kuogelea hakujui hata kidogo, na Bi Mosi alijua akimwambia tu hatalala kwa hofu. Kwa hiyo akamficha. Bwana Haji naye akawa anaona mambo kimyakimya. Aliona ukoko kwenye wali, mke aliyempikia miaka ishirini bila ukoko. Aliona kanga zimeloa mchana. Kisha siku moja, akiwa anapiga randa kwenye banda la uani, akamwona mkewe kwa nyuma, ameinamia beseni anatia udhu. Uso chini, uso juu. Uso chini, uso juu. Akahesabu mara tano, kumi, kumi na nne. Randa ikamdondoka.

Mnajua alichofikiri. Kuna watu hupatwa na wasiwasi wa udhu: ameosha uso, anashuku hakuosha, anaosha tena, anashuku tena, mpaka sala inampita. Ni maradhi ya wacha Mungu, na humtesa mtu. Bwana Haji akavaa kanzu, akaenda kwa Maalim Juma wa chuo cha Kurani, akamwambia huku machozi yanamlenga, "Maalim, Mosi kanipotelea."

Maalim alikuja kesho yake, akakaa barazani, akamwita Bi Mosi kwa upole.

"Bi Mosi."

"Naam, maalim."

"Mwanangu, dini ni nyepesi. Uso unaoshwa mara tatu, inatosha. Ya nne ni shetani anakuchezea."

"Nnajua, maalim."

"Sasa mbona mumeo kahesabu kumi na nne?"

Bi Mosi aliniambia baadaye kwamba alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka mama mkwe akaita kutoka ndani kuuliza nani kaoa. Halafu akayatoa yote: mwani, boya, wali, mapovu. Maalim akacheka naye. Bwana Haji peke yake hakucheka. Akainuka akaingia bandani.

Siku mbili akashinda humo. Bi Mosi akaja analia kuniambia, "Basi, mwalimu, yameisha." Siku ya tatu alikuta kitu kimelala kando ya jiko. Kibao cha msufi, chepesi, kimepigwa randa laini na kuviringwa pembe, upana wa kifua chake hasa. Bwana Haji alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu, koleo mkononi.

"Nenda," akamwambia bila kumtazama. "Makaa n'tatia mimi."

Nimepewa zawadi nyingi katika kazi hii, na hakuna iliyonifurahisha kama kibao kile ambacho si changu. Robo saa ikawa nusu saa. Wali ukaungua kila siku ya somo, na kila mara Bi Mosi aliula akiusifu.

Siku ya mtihani ilikuwa bamvua, alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mivinje. Kijiji kizima kilishuka. Mimi nilikuwa mtumbwini na upondo wangu, kando ya njia kati ya mashua na boya. Wakaingia mmoja mmoja, wakafika, na kila aliyefika alipigiwa vigelegele. Bi Mosi alikuwa wa mwisho, kwa kuwa alikuwa anamlisha mama mkwe.

Alianza vizuri. Nikahesabu naye pumzi, mapovu, geuza, vuta. Hatua thelathini. Kisha wimbi likampiga usoni wakati anavuta, akanywa maji, mikono ikavurugika. Akakwama palepale, penye kina cha watu wawili. Ufukweni vigelegele vikakatika.

Upondo ulikuwa mikononi mwangu. Ningeunyoosha tu, angeushika, na angepoteza shamba. Nisingeunyoosha, je? Mkono uliniwasha namna ambayo haujawahi kuniwasha. Nilikuwa naogopa, sioni haya kusema. Nikaushusha mpaka ncha ikagusa maji, nikaacha hapo, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama tuko siku yoyote ya wali, "Chali, Bi Mosi. Pumzi kumi."

Akageuka chali. Kifua kikainuka juu ya maji. Moja. Mbili. Tatu.

Hapo ndipo tulipomsikia Bwana Haji. Alikuwa ameingia baharini na kanzu yake na kofia yake, mikono juu, anaita "Mosi! Mosi!" Maji yalikuwa yamemfika kifuani na bado anakuja. Mtu asiyejua hata kuelea anakwenda kumwokoa mtu anayeelea.

Bi Mosi akafumbua macho. Kutoka palepale alipolala, katikati ya bahari, akapaza sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia:

"Haji! Rudi! Utazama, mume wangu!"

Bwana Haji akasimama, maji shingoni. Bi Mosi akajigeuza, na hatua ishirini za mwisho akazimaliza kwa hasira, mimi namfuata na mtumbwi nacheka na kulia kwa pamoja. Alipolipiga boya kofi, makelele yaliyopigwa Bwejuu nadhani yalisikika mpaka Fumba. Upondo wangu niliutumia baadaye kidogo, kumtoa Bwana Haji.

Miaka mitatu imepita. Shamba la kina limemkubali. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza mbona nimepotea, nikawasha vespa nikaenda. Nilimkuta jikoni, analaza makaa juu ya kifuniko.

"Umeogelea lini mara ya mwisho, mwalimu?"

"Unajua, Bi Mosi, nimekosa wakati."

Aliweka koleo chini ili acheke vizuri. Alipomaliza akafunga kibwebwe, akanishika mkono. "Wali umepaliwa, maji yamejaa. Twende!"

Tukapita uani kwenda ufukweni. Kando ya banda Bwana Haji alikuwa ametupa mgongo, ameinamia beseni. Uso chini, mapovu, uso pembeni, uso chini. Aliposikia nyayo akaruka, akaniona, akaanza kujipangusa viwiko haraka haraka.

"Karibu, mwalimu. Nlikuwa natia udhu tu."

"Mara ya kumi na nne hiyo," Bi Mosi akasema. "Nshamwita maalim."